Mgeni njoo, mwenyeji apone: wanaokuja kuzungumza chuoni wiki ya Dakta King

Kila ikifika Septemba, watu wa chuoni hapa huanza kunisimamisha kwenye korido na swali lile lile: Januari anakuja nani? Hawaulizii timu wala msanii. Wanamuulizia mgeni rasmi wa sherehe za haki za kiraia, zinazofanyika kila mwaka wiki ya sikukuu ya Martin Luther King. Mimi si mwenyekiti wa kamati wala profesa wa historia. Ni fundi sauti wa ukumbi mkubwa, basi. Lakini karatasi za mgeni hunifikia mapema kuliko wengi: kama anataka maiki ya mkononi au ya kubana kwenye kola, kama atasimama kwenye mimbari au atakaa kwenye kiti, kama maji yake yawe ya baridi au ya kawaida. Kwa hiyo ninajua, na nimekatazwa kusema.

Wanaonifahamu wanajua nilikotoka. Nimezaliwa Same, Tanzania, na kazi ya spika niliianzia huko huko, kwenye harusi na mikutano ya Injili, jenereta ikizimika katikati ya maombi. Mgeni rasmi namjua vizuri. Anachelewa, anasomewa risala, anasema itifaki imezingatiwa, anaahidi mabati, anaondoka. Nilipokuja Marekani nikapewa kazi ya kumvalisha maiki mgeni rasmi wa huku, nilidhani ni yale yale, ila theluji imeongezeka. Kwa wengine ni yale yale kweli. Kwa wengine sivyo, na miaka niliyokaa nyuma ya mikseri imenipa kipimo changu cha kuwapambanua. Makofi siyahesabu. Naangalia saa inayofuata hotuba: mgeni yuko wapi, na ameketi na nani.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo haya, sikukuu yenyewe huangukia Jumatatu ya tatu ya Januari, kwa sababu King alizaliwa tarehe 15 Januari 1929. Muswada wa kwanza wa sikukuu hii uliwasilishwa bungeni na John Conyers siku nne tu baada ya King kuuawa, Aprili 1968. Ukapigwa danadana miaka 15, mjane wake Coretta akiusukuma bila kuchoka, hadi Rais Reagan alipoutia saini Novemba 1983. Ikaanza kuadhimishwa Januari 1986. Vyuo vikaipokea kwa shangwe, na sasa ni nadra kukuta chuo kisicho na wiki yake ya maandamano, kifungua kinywa, kwaya na mzungumzaji mkuu.

Ila kabla ya kuwa picha kwenye bango la sherehe, King mwenyewe alikuwa mgeni wa vyuo. Ukifuatilia safari zake unachoka wewe: Dartmouth 1962, Western Michigan Desemba 1963, Penn State Januari 1965, mahafali ya Oberlin Juni mwaka huo huo, Stanford Aprili 1967. Novemba 1967 akavuka bahari kwenda Newcastle, Uingereza, kuchukua shahada ya heshima. Mara ya mwisho kuhutubia chuo kikuu ilikuwa Kansas State, tarehe 19 Januari 1968, siku nne baada ya kutimiza miaka 39. Yaani ni majira haya haya ambayo sisi tunatundika mapambo. Na pale Stanford alikuja kuzungumzia Marekani mbili, moja ya neema na nyingine ya ukosefu wa kazi na nyumba zenye panya, siku kumi tu baada ya kuipinga hadharani vita ya Vietnam. Mgeni wa aina hiyo leo sijui kamati ngapi zingemwalika bila kikao cha dharura.

Safari inayonigusa kuliko zote ni ya Februari 1957. King alikwenda Oberlin, Ohio, miezi michache tu baada ya ushindi wa mgomo wa Montgomery, Alabama, ambako watu weusi walisusia mabasi ya mji yaliyowabagua. Alihutubia, akapigiwa makofi, na kwa wageni wengi hadithi ingeishia hapo. Lakini wakati wa chakula aliketi na mwanafunzi wa theolojia aitwaye James Lawson. Wote wawili walikuwa na miaka 28. Lawson alikwisha kufungwa jela miezi 13 kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita ya Korea, kisha akaenda Nagpur, India, akiwa mmisionari, akajisomea mbinu za Gandhi za kupinga dhuluma bila kutumia nguvu, kwenye nchi ya Gandhi mwenyewe. Alimwambia King kwamba ana mpango wa kuhamia majimbo ya Kusini mwa Marekani siku moja, akishamaliza masomo. King akamsihi asingoje. Aje sasa, kwa kuwa Kusini hakuna mtu mwenye ujuzi wa namna yake.

Lawson akaacha alichokuwa anakifanya. Mwaka 1958 yuko Nashville, Tennessee, anafundisha kwenye chumba cha chini cha kanisa. Nimesoma habari za mafunzo yale mara nyingi, na kila mara nastaajabu yalivyokuwa ya vitendo. Wanafunzi walipangwa kwenye viti kana kwamba wako kwenye kaunta ya mgahawa. Wenzao wakaigiza wazungu wenye hasira: wanawatukana, wanawapulizia moshi wa sigara usoni, wanawasukuma hadi sakafuni. Aliyeketi hajibu. Anajifunza kuukinga mwili, kukaa wima, kutazama mbele. Waliopita mikononi mwa Lawson ni pamoja na Diane Nash wa Chuo Kikuu cha Fisk na kijana mmoja wa seminari ya Wabaptisti aitwaye John Lewis. Februari 1960 wakaingia kwenye maduka ya katikati ya mji, wakaketi kwenye kaunta zilizohudumia wazungu tu, na hawakunyanyuka.

Sasa tazama mambo ya wiki moja ya Aprili mwaka huo, maana hapo ndipo nimejifunza mgeni ni nini.

Wikiendi ya Pasaka, Ella Baker aliwakusanya wanafunzi kutoka majimbo mengi kwenye Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh, chuo alichosoma yeye mwenyewe na kuhitimu mwaka 1927 akiwa wa kwanza darasani. King alikuwepo kama mzungumzaji, Lawson pia. Wakubwa walitamani wanafunzi wawe tawi la vijana la jumuiya ya wachungaji ya King. Baker, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha ofisi ya jumuiya hiyo hiyo, akawashauri vijana waunde chama chao wenyewe na wasiwe mkia wa mtu. Hotuba yake ilihusu jambo moja, kwamba wanachopigania ni kikubwa kuliko hambaga na soda. Wakamsikiliza. Hapo ndipo ilipoanzia SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupinga ubaguzi bila kutumia nguvu.

Jumanne, tarehe 19 Aprili, alfajiri, nyumba ya wakili wa wanafunzi wa Nashville, Alexander Looby, ikalipuliwa kwa baruti. Yeye na mkewe wakanusurika. Mchana maelfu wakaandamana kimya hadi ofisi ya meya, na Diane Nash, binti wa miaka 21, akamuuliza meya Ben West mbele ya watu wote kama anaona ni sawa kumbagua mtu kwa sababu ya rangi yake tu. Meya akakiri kwamba si sawa. Kesho yake King akafika Fisk kuhutubia. Ukumbi wa michezo ukafurika, ikaja taarifa kwamba kuna bomu, watu wakatolewa nje, wakarudi. Na King akasema hakwenda Nashville kuwatia moyo, amekwenda kutiwa moyo na wao. Wageni wengi husema maneno ya namna hiyo kwa adabu. Yule alikuwa anasema ukweli mtupu, kwa kuwa tarehe 10 Mei kaunta za maduka sita ya mji zilianza kumhudumia kila mtu, na kazi hiyo ilifanywa na wenyeji.

Kuna kipande cha mwisho cha habari ya Lawson, nacho si chepesi. Mwaka 1968 alikuwa mchungaji Memphis, wazoa taka wa mji wakiwa kwenye mgomo. Safari hii ni yeye aliyempigia King simu: njoo. King akaja Machi, akarudi tena, na Memphis ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Darasa la wahitimu wa Harvard la mwaka huo lilikuwa limemwalika azungumze Juni. Akaenda Coretta badala yake, na akawa mwanamke wa kwanza kupewa jukwaa lile. Ukiniuliza ni mgeni gani wa chuo ningetamani kumvalisha maiki katika historia yote, ni yeye, mwezi ule.

Nimesema nina kipimo. Nina kinyongo pia, na nitakisema. Vyuo vingi vilivyokuja kuwaalika wazee hawa baadaye ndivyo vilivyowafukuza au kuwafungia mlango. Lawson alitimuliwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikokuwa anasoma, Machi 1960 kwa sababu ya kaunta zile. Walimu wengi wa kitivo chake wakatishia kujiuzulu. Mwaka 2006 Vanderbilt ikamrudisha kama profesa mgeni, na baadaye ikaanzisha taasisi yenye jina lake. Amefariki Juni 2024. John Lewis, akiwa kijana, aliomba nafasi chuo cha Troy State huko kwao Alabama, hakujibiwa hata barua. Akamwandikia King, King akamtumia tiketi ya basi aje Montgomery waonane. Baadaye Troy ikampa udaktari wa heshima, na sasa kuna jengo pale lenye jina lake.

Lakini anayenishinda ni Autherine Lucy. Alianza masomo Chuo Kikuu cha Alabama Februari 1956, mtu mweusi wa kwanza kuingia darasani pale. Siku ya tatu ya masomo umati ukamrushia mayai viza na mawe. Chuo kikamsimamisha, eti kwa usalama wake, kisha kikamfukuza kabisa kwa sababu mawakili wake walikituhumu kula njama na umati. Akaenda zake, akaolewa, akafundisha. Zaidi ya miaka 30 baadaye akaalikwa kuja kuzungumza chuoni hapo, na katika maswali mtu mmoja akataka kujua kama aliwahi kujaribu kurudi. Hakuwahi, lakini hakukataa. Walimu wakalivalia njuga. Mwaka 1988 kufukuzwa kwake kukafutwa. Akajiandikisha, na mwaka 1992 akachukua shahada ya uzamili kwenye mahafali yale yale ambayo binti yake alichukua shahada yake ya kwanza.

Hebu fikiria. Swali moja la msikilizaji, baada ya hotuba. Ndiyo maana nikiona ratiba iliyotenga dakika tano za maswali huwa nakunja uso, na meneja wangu anajua.

Nikirudi kwenye kibanda changu. Aliwahi kuja mgeni ambaye jina lake mngelitambua wote, kwa hiyo sitalitaja. Mkataba ulikuwa mnene. Hakuna kurekodi, hakuna picha baada ya dakika za mwanzo, maswali yaandikwe na kupelekwa mapema yachujwe. Ada yake ingelipa mshahara wangu muda mrefu tu. Hotuba ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Sauti nzito, pumzi anaijua, anajua pa kunyamaza. Kwenye mikseri sikugusa kitu, alijiendesha mwenyewe. Ukumbi mzima ukasimama. Nilipopanda jukwaani kumvua maiki, kola ilikuwa tupu; alikwisha kuibandua mwenyewe na kuiacha juu ya mimbari ikiwa bado imewashwa, na gari lilikuwa linaunguruma mlango wa nyuma. Wanafunzi waliobaki na vitabu mkononi wakatazamana, wakaanza kuvaa makoti.

Mwaka mwingine akaja mama mmoja ambaye hakuujaza ukumbi hata nusu. Alikuwa mtoto wa shule Selma, Alabama, mwaka 1965, wakati askari walipowapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus. Alifika saa nzima kabla ya muda, na koti lake la manyoya bandia, na mkoba uliojaa pipi za mnanaa. Nikamwonyesha maiki ya mkononi, akanionyesha kidole chake kinachotetemeka. Basi nikambania kwenye kola. Wakati nahangaika na waya akaniuliza jina, akaniuliza mama yangu yuko hai, akaniuliza anaishi na nani. Nikajikuta namjibu kama ninavyomjibu shangazi. Tulipojaribu sauti hakuhesabu moja, mbili, tatu. Aliimba beti moja ya wimbo wa kanisani, na mshale kwenye mikseri ukaruka mpaka kwenye nyekundu.

Alikuwa na ombi moja: taa za wasikilizaji ziwashwe. Msimamizi wa taa akapinga, kwamba picha itaharibika. Mama akasema hawezi kuzungumza na giza. Zikawashwa.

Kuhusu damu ya darajani alisema kidogo sana. Alizungumza kuhusu magari. Alisema watu wanaikumbuka Montgomery kwa ajili ya Rosa Parks, aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, na hotuba, wanasahau kwamba watu walikwenda kazini na kurudi kwa siku 381 bila basi la mji, na mtu fulani alipaswa kuwapanga. Vituo vya kupandia, madereva wa kujitolea, magari yaliyonunuliwa kwa majina ya makanisa. Kampuni za bima zilipoyafutia bima magari yale, ikapatikana bima London, kwa Lloyd's. Akamtaja Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State, ambaye usiku ule ule Parks alipokamatwa Desemba 1955 aliingia chuoni na wanafunzi wawili na mwalimu mwenzake, wakachapa makumi ya maelfu ya vipeperushi kwa mashine ya chuo, bila ruhusa, mpaka alfajiri. Hapo akawageukia wanafunzi wetu akauliza: mashine yenu ya kuchapia iko jengo gani, na funguo anazo nani? Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alisubiri jibu. Kijana mmoja wa safu ya tatu akalitoa.

Hotuba ilipoisha hakwenda popote. Aliomba kiti, akakiweka kwenye ukumbi wa mbele karibu na kabati la makoti, na wanafunzi wakamzunguka, wengine wamekaa chini. Maiki yangu ilikuwa bado kwenye kola yake, kwa hiyo sikuweza kufunga. Nikasimama pembeni. Msichana mmoja anayesomea uuguzi alitaka kujua walikuwa wanakula nini jela. Mwingine akauliza kama mama yake alimruhusu kuandamana au alitoroka. Akajibu yote, kwa majina ya watu waliopika, mtaa, nani alikuwa na gari la rangi gani. Wafanya usafi wakaja na mashine zao, wakazizima mmoja baada ya mwingine, wakasimama wakasikiliza nao. Alipoondoka aliacha pipi za mnanaa kwenye kibanda changu, na kamati ikapata barua pepe za malalamiko kwamba mgeni hakuwa na hadhi ya kitaifa.

Nimeingizwa kwenye kamati hiyo sasa, kwa ajili ya mambo ya mitambo. Kila mwaka mvutano ni ule ule. Wanafunzi wanataka mwigizaji au mwanaharakati anayevuma. Maprofesa wanataka mwandishi aliyeshinda tuzo. Ofisi ya fedha inataka mtu asiye ghali. Mtu wa mawasiliano anataka jina litakalojaza viti na picha. Simlaumu hata mmoja, na wasanii siwadharau. Harry Belafonte alikuwa msanii, na ndiye aliyekuwa akitafuta fedha za dhamana ya wanafunzi waliofungwa. Mwaka 1959 yeye, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwigizaji Sidney Poitier walisaini barua ya kuomba michango ili vijana wa Kenya waje kusoma Marekani, mpango wa Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa Kenya. Mboya mwenyewe alikuwa mgeni wa vyuo wa aina yake: masika ya mwaka huo alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo, akahutubia maandamano ya vijana Washington siku moja na King, na Mei wakaketi pamoja kwenye chakula cha jioni Atlanta. Ndege ya kwanza ikaruka Septemba ikiwa na wanafunzi 81. Aliyekuja mwaka uliofuata, akapelekwa Atchison, Kansas, alikuwa Wangari Maathai. Kwa hiyo mtu akiniambia sherehe hizi ni mambo ya Wamarekani weusi peke yao, sisi watu wa Afrika Mashariki tuje tu kufunga spika, huwa namkatalia.

Na hapa ndipo nafika kwa Bob Moses.

Kati ya wote waliofanya kazi ile, Moses ndiye angemtia jasho fundi sauti yeyote. Alisifika kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wanasogeza viti ili wamsikie. Mwalimu wa hisabati kutoka New York, aliyekwenda Mississippi kuwasaidia wakulima weusi kujiandikisha kupiga kura, mahali ambapo karani alikuwa na uwezo wa kukurudisha kwa sababu hukumridhisha ulivyofafanua kifungu cha katiba. Mwaka 1961, kwenye mji uitwao Liberty, alipigwa kichwani hadi damu ikamwagika, na akafungua kesi dhidi ya mzungu aliyempiga, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo pale. Mwaka 1964 alikuwa kiongozi mkuu wa ule msimu wa kiangazi ambao mamia ya wanafunzi wa vyuo walikwenda Mississippi. Jina lilipozidi kuwa kubwa akaliacha, akawa anajiita kwa jina lake la kati, Parris, ili watu wasimfanye Musa wa kweli.

Halafu akaitwa jeshini akiwa na miaka 31, umri uliokwisha kupita kikomo cha kawaida. Akakimbilia Canada, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakahamia Tanzania. Na mwalimu huyu wa hisabati alipangiwa kufundisha wapi? Same. Same yetu! Alikaa Tanzania mpaka 1976. Watoto wake wana majina kama Maisha na Malaika.

Mimi nililijua hilo nikiwa hapa, kwenye kibanda, nasoma wasifu wa wageni waliopendekezwa. Nilisoma mstari ule nikasimama nikakaa. Nimekua kwenye mji ule, nimepita mbele ya shule zake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Sijui kama walimu wangu walijua.

Aliporudi Marekani, binti yake Maisha akafika darasa la nane shuleni Cambridge, Massachusetts, hakuna aliyekuwa anafundisha aljebra. Baba akaingia darasani kumfundisha yeye na wenzake wachache. Mwaka 1982 akapewa tuzo ya fedha ya MacArthur, akaitumia kuanzisha Mradi wa Aljebra. Mbinu yake naipenda kwa sababu ni ya kifundi: watoto walipandishwa treni ya chini ya ardhi, wakahesabu vituo, kisha darasani wakachagua kituo kimoja kiwe sifuri, vya upande huu vikawa chanya, vya upande ule hasi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto maskini asiyejua aljebra leo amefungiwa nje kama mkulima wa Mississippi aliyefungiwa nje ya sanduku la kura. Alipokwenda vyuoni kuzungumza alikuwa na tabia ya kuwauliza watu badala ya kuwahutubia. Alifariki Julai 2021, kwa hiyo karatasi zake hazitanifikia tena.

Nimepeleka pendekezo langu kwenye kamati. Mzungumzaji mkuu mchagueni ninyi, nimewaambia, mwenye hadhi ya kitaifa au ya kimataifa, mimi nitambania maiki. Lakini siku ya Jumanne nipeni ukumbi mdogo, skrini moja na intaneti iliyotulia, niwalete kwa video watu waliofundishwa hisabati na Bob Moses Same miaka ile ya sabini, wazungumze na wanafunzi wetu wa ualimu. Kiswahili kitafasiriwa, mtafsiri nimeshampata. Mwenyekiti amekubali kwa sharti kwamba niwe na watu wawili wa uhakika kabla ya mwisho wa Oktoba.

Kwa hiyo nawaomba. Kama baba yako, mjomba, au jirani alisoma sekondari Same kati ya 1969 na 1976, na anamkumbuka mwalimu Mmarekani mweusi, mpole, anayeongea chini chini ubaoni, muulize. Hata kama anakumbuka hesabu moja tu aliyoikosa. Muulize pia kama ana daftari. Saa za kule na huku zimepishana sana, lakini nitaamka.